MAJIVU SI MBOLEA YA KUDUMU

Mgeni afikaye Liuli kwa mara ya kwanza, akasimama kando ya Ziwa Nyasa wakati wa shwari, huenda akaona nguzo za moshi mweusi zikipanda kutoka majini, akadhani kuna chombo kinachoungua huko mbali. Wenyeji humweleza kwa upole kwamba huo si moshi hata kidogo, bali ni makundi ya wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, watokao majini na kuruka pamoja. Mgeni akilicheka kosa lake na kugeuka kuelekea milimani, hasa katika miezi ya Septemba na Oktoba, ataona moshi mwingine. Na huo ni moshi wa kweli. Huo ndio tutakaousemea leo.

Bandari hii ndogo, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake uliofanana machoni mwao na ile sanamu maarufu ya Misri, imo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mbele yake ni maji. Nyuma yake ni vilima vya miombo vinavyopanda kuelekea nyanda za juu za Umatengo. Katika miombo hiyo hutoka mbao za paa, gogo la mtumbwi, kuni za kubanika samaki na za kuchomea matofali, mkaa, asali, uyoga na dawa. Tena humo humo hutoka shamba jipya la muhogo kila la zamani linapochoka. Watu wafanyao kazi hizo ndio wasomaji wetu: mpasuaji mbao, mvuvi, mama mwenye jembe, kijana wa msumeno, dereva wa lori. Twataka kuzungumza nao habari ya kitu kisichoonekana kwa urahisi, nacho ni kile kinachobaki, au kisichobaki, ndani ya udongo baada ya mti kukatwa na pori kuchomwa.

Kwanza tumtendee haki mkulima. Yako maneno yasemwayo mijini kwamba mchoma pori ni mjinga au mvivu. Maneno hayo si ya kweli, na aghalabu husemwa na watu ambao hawajapata kulima hata ekari moja kwa jembe la mkono. Mkulima huchoma kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba mahali palipochomwa mazao husitawi. Na ndivyo ilivyo. Majivu yana chokaa, potasiamu na fosforasi. Hupunguza asidi ya udongo. Moto nao huua magugu pamoja na sehemu kubwa ya mbegu zake, ukampunguzia mtu palizi. Udongo wa miombo kwa asili ni mkongwe, umekwisha oshwa na mvua za maelfu ya miaka, una asidi na una uhaba wa fosforasi. Kwa udongo kama huo majivu si zawadi ndogo. Ndugu zetu Wabemba wa Zambia wamejenga kilimo kizima juu ya jambo hilo, kilimo kiitwacho chitemene, ambacho matawi ya eneo kubwa hukusanywa mahali pamoja na kuchomwa ili eneo dogo lipate majivu mengi.

Walakini chitemene yenyewe yatufundisha habari ya upande wa pili, kwa kuwa mwenye shamba hilo hulazimika kuhama baada ya miaka michache na kuuachia msitu muda mrefu wa kujirudisha. Zamani watu walikuwa wachache na misitu mingi. Mtu aliweza kuhama. Leo anahamia wapi? Ukanda wa pwani ya Nyasa ni mwembamba, upande mmoja umezuiwa na maji na upande mwingine na milima, na shamba lililoachwa jana linatakiwa tena kesho na mtoto wa jirani.

Jambo la moto lafanana na habari ya mtu aliyeweka fedha kidogo kidogo katika chama cha kuweka na kukopa kwa miaka 20, kisha akazitoa zote siku moja, na nyingine zikadondoka njiani kabla hajafika nyumbani. Majivu ni fedha zile zilizotolewa. Hazikuzaliwa na moto. Zilikuwamo katika majani, matawi na mizizi, zimekusanywa na mti kutoka chini sana ambako mizizi ya muhogo na mahindi haifiki. Na zile zilizodondoka ni hizi: naitrojeni, ambayo huyapa majani rangi yake ya kijani na mmea nguvu ya kukua, huanza kutoroka hewani joto likipita nyuzi 200 za sentigredi. Salfa hufuata joto likikaribia nyuzi 375. Fosforasi na potasiamu huvumilia mpaka kupita nyuzi 700, na chokaa haitoroki kwa moto wa porini. Kwa hiyo moto humwachia mkulima kile kisichoungua kwa urahisi, ukamnyang'anya kile ambacho mazao yake yanakihitaji kwa wingi kuliko vyote.

Tufanye hesabu moja tu ili jambo lieleweke. Tuchukue hekta moja ya msitu iliyoangusha tani tatu za majani makavu kwa mwaka, na tuseme katika kila kilo 100 za majani hayo imo kilo moja ya naitrojeni. Hizo ni kilo 30 za naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50, ule ambao mkulima huuhesabia fedha kwa taabu dukani, una kilo 23. Yaani kiberiti kimoja kinaweza kurusha angani, katika alasiri moja, zaidi ya mfuko mzima wa mbolea kwa kila hekta. Mtu akiuona mfuko wa urea unaungua ghalani atapiga kelele na majirani watakuja na ndoo. Majani yanapoungua hakuna apigaye kelele.

Na yale majivu yaliyobaki hayakai mahali pake. Ni mepesi, yako juu ya ardhi isiyo na kifuniko, na mvua za kwanza hunyesha kwa nguvu juu ya mteremko mtupu. Maji huyabeba pamoja na udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji, na hakuna mto unaoyapeleka mbali na sisi; yote hushuka ziwani. Huko tope hufunika miamba ambamo samaki wadogo wa rangi rangi wa Ziwa Nyasa hulisha na kuzaliana, samaki ambao wengi wao hawapatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Mvuvi anayedhani kwamba mambo ya moto ni ya watu wa milimani na atazame rangi ya maji mitoni baada ya mvua ya kwanza.

Liko na jambo la uyoga. Kila mwana wa nchi hii anajua kwamba mvua zikishika, uyoga huota chini ya miombo, na akina mama na watoto huenda kuuokota. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya uyoga ule umefungamana na mizizi ya miti yenyewe: nyuzi zake nyembamba huenda mahali ambapo mzizi hauwezi kupenya, hutafuta fosforasi na maji, huuletea mti, na mti huulipa kwa sukari. Miombo haiwezi kusitawi katika udongo maskini namna ile pasipo msaada huo. Nyuzi hizo hukaa katika tabaka la juu la ardhi, chini kidogo ya majani yaliyooza. Moto mwepesi wa majani hupita haraka na joto lake haliingii chini sana; lakini panapokusanywa matawi na magogo kwa fungu na kuchomwa, au panapojengwa tanuri la mkaa, udongo wa chini hupikwa, mboji yote huungua, na mahali hapo huonekana kwa miaka kadhaa kama kovu. Tusishangae basi uyoga ukipungua.

Hapa yapasa tuseme jambo ambalo baadhi ya watetezi wa misitu hawapendi kulisikia. Si kila moto ni sawa, na kuuzuia moto kabisa katika nchi ya miombo ni vigumu mno. Mahali pasipoungua miaka mitano sita hukusanya majani makavu mengi, na siku moto ukiingia, nao utaingia, huwaka kwa ukali kuliko kama pangalichomwa kidogo mapema. Huko Ndola, Zambia, wakati nchi hiyo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, mabwana miti walianza mwaka 1933 kutenga viwanja vitatu vya namna tatu: kimoja kisichomwe asilani, kingine kichomwe kila mwaka mapema baada ya masika, na cha tatu kichomwe kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Baada ya miongo kadhaa matokeo yalionekana hata kwa mtoto. Kiwanja kilicholindwa kilifunga matawi na kuwa msitu mnene. Kilichochomwa mapema kilibaki miombo. Kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kiligeuka kuwa nyika ya majani yenye miti ya kuhesabika. Mvua ilikuwa ileile na udongo uleule. Tofauti ilikuwa katika mwezi wa kuwasha kiberiti.

Mwezi Mei na Juni majani bado yana umande, moto huenda polepole, hufa wenyewe usiku, nao huacha majani mengi bila kuyaunguza. Septemba na Oktoba kila kitu ni kikavu kama baruti, upepo ni mkali, na miombo ndiyo kwanza inatoa majani machanga mekundu kwa akiba iliyobaki mizizini. Kuuchoma mti wakati huo ni kumpiga mgonjwa aliyeinuka kitandani. Machipukizi ya visiki hufa, mche wa mninga hurudi chini ukaanza upya mwaka hata mwaka, na gogo la mninga la kutosha mbao si kazi ya umri wa mtu mmoja.

Sasa tuje kwa wapasuaji mbao. Kukata mti si dhambi. Nyumba zetu zina paa na shule zetu zina madawati. Swali ni nini kitoke msituni na nini kibaki. Shina la mti ni zito na lina kaboni nyingi, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, lakini kwa virutubisho ni maskini. Naitrojeni na fosforasi nyingi zimo katika majani na vijiti. Chokaa nyingi imo katika gome. Kwa hiyo mtu akiangusha mti, akaumenya gome papo hapo, akaacha matawi na majani yametandazwa juu ya ardhi, ameondoka na mali yake na kuuachia udongo mali yake. Akiburuta mti mzima mpaka kando ya barabara, au akikusanya matawi na kuyawasha moto ili mahali paonekane safi, ameuza vitu viwili kwa bei ya kimoja. Trekta nalo likipita kila mahali hukandamiza ardhi mpaka maji hayaingii tena. Likiwekewa njia moja, na lifuate hiyo.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya vitabu. Basi na asikie yaliyowapata watu wenye mashine na fedha kuliko sisi. Katika Australia ya Kusini walipanda misonobari kwenye udongo wa kichanga, wakavuna, wakachoma matawi yaliyobaki, wakapanda tena. Mwaka 1966 ilitangazwa wazi kwamba kizazi cha pili kilikua vibaya kuliko cha kwanza, kwa upungufu uliofika robo na zaidi. Uchunguzi ukaonyesha kuwa moto ulikuwa umechoma mboji na naitrojeni ya udongo ule mnyonge. Wakaacha kuchoma, wakayatandaza matawi, wakapambana na magugu kwa njia nyingine, na mavuno yakarudi. Sasa Mkoa wa Ruvuma nao una mashamba ya misonobari na mikaratusi, ya Serikali kama lile la Wino na ya watu binafsi pia, nayo yatavunwa na kupandwa tena. Hatuoni sababu ya kulilipia upya somo ambalo limekwisha kulipiwa na wengine.

Habari ya kaboni imekuwa ikisemwa sana siku hizi, na wengi huidhania kuwa ni habari ya miti tu. Katika miombo ya Nhambita, Msumbiji, wachunguzi waliotangaza kazi yao mwaka 2011 walipima takriban tani 110 za kaboni kwa hekta; kati yake tani 76 hivi zilikuwa udongoni, na mashina yalikuwa na tani 21 hivi. Maana yake ni kwamba anayetazama mashina peke yake hajaona hata robo ya hazina. Majani yaungulayo leo huota tena mwakani na kuirudisha hewa ya ukaa waliyoitoa. Hilo si hasara kubwa. Hasara ni miti iliyokufa pasipo kuota mingine, na mboji inayoungua na kumomonyoka kidogo kidogo chini ya jua, kwa kuwa hiyo ilichukua miaka mingi kujengeka. Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2015, na kati ya mwaka 2002 na 2013 ilikadiriwa kupoteza karibu hekta 469,000 kila mwaka. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimekuwa vikilipwa fedha kwa kuitunza misitu yao, na tangu mwaka 2022 ziko kanuni za Serikali za biashara hiyo. Wana Nyasa wana haki ya kuuliza kama nao wanaweza. Lakini wakiuliza, wajue kwamba mnunuzi wa kaboni hutazama kwanza habari za moto.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu wa udongo. Panda kutoka Liuli kwenda Mbinga, uyaone mashamba ya Wamatengo. Watu hawa, waliosongwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, walijikuta juu ya miteremko mikali isiyo na nafasi ya kuhama. Wakabuni ngoro. Mvua zikielekea mwisho hufyeka majani, huyaacha yakauke, huyapanga chini kwa miraba kama wavu, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Hapo hupatikana tuta lenye mbolea tumboni, na shimo katikati linalodaka maji ya mvua na udongo unaoteremka. Hupanda maharage, na msimu wa pili mahindi. Majani yaleyale ambayo mwingine angeyachoma, wao huyazika.

Mwaka 1938 Mwingereza A. H. Pike alieleza maarifa hayo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa heshima. Kwa bahati mbaya heshima hiyo haikufika kila mahali. Huko Uluguru wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi yaliyoufukia udongo mzuri na kuufunua ule mbaya, mpaka wananchi wakakataa na ghasia zikatokea mwaka 1955. Twakumbusha hayo kwa sababu hata leo yuko afisa anayedhani udongo huhifadhiwa kwa amri na faini.

Hatusemi ngoro ihamishiwe pwani ilivyo. Mchanga wa kando ya ziwa hausimami kama udongo wa Umatengo, na kazi ya ngoro ni nzito. Mzigo wake mkubwa huwaangukia akina mama, ambao hawapungukiwi kazi. Tunalosema ni kwamba shina la maarifa yale, yaani kuzika badala ya kuchoma, laweza kutumika katika shamba la muhogo kwa kufukia magugu ndani ya tuta, na katika msitu uliovunwa kwa kutandaza matawi kukingamisha mteremko.

Kazi hiyo ina saa zake, na saa zina ujira. Kijana wa msumeno hulipwa kwa ubao, hapati hata senti kwa kutandaza matawi; kumlaumu kwa kutofanya asicholipwa ni uonevu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza kuchoma uoto bila idhini, nayo imevipa vijiji uwezo wa kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe. Basi halmashauri za vijiji vya Lituhi, Liuli, Lundo na Mbamba Bay, zinapopelekewa maombi ya mtu wa mbao, ziandike katika makubaliano kwamba gome na matawi vibaki msituni, kwamba hakuna fungu litakalochomwa, na kwamba mwenye kibali ndiye atakayelipa siku za watu watakaofanya kazi hiyo. Mstari mmoja unatosha. Na kama kijiji kimeamua kuchoma mapema ili kujikinga, mkutano wa kupanga siku, watu na njia za kuzuia moto ufanyike Aprili, majani yangali mabichi. Mkutano wa Septemba utakuta milima imekwisha kuwaka.